Shamba la familia na ndugu mwenye ulemavu wa akili: jinsi ya kulipanga ili nae awe mkulima kweli

Nawaandikia familia zenye kashamba, hata kama ni robo eka tu nyuma ya nyumba, na humo ndani yupo kijana au mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili), usonji (otizimu) au mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema, mwili ukakosa kutii), ambae shule imeisha au hakuwahi kuipata kabisa na sasa anashinda kwenye benchi nje kuanzia asubuhi hadi giza linaingia. Wengi wanahisi shamba lingemfaa ila hawajui waanzie wapi. Siku moja wanampa jembe, anang'oa mahindi pamoja na magugu, wananyang'anya jembe, na habari inaishia hapo, miaka inapita. Sisi kwetu ni huku Arumeru, mkoa wa Arusha, tuna migomba, kuku, ng'ombe na vitalu vya mboga, na mdogo wangu mwenye Down sindromu ndo mwenye kuku wote hapa nyumbani. Kwahiyo mengi ninayoyasema nayaona kila siku, na mengine ni yale ambayo walimu wa elimu maalum wanafundisha.

Kitu kimoja nakiweka mbele kuliko vyote. Usimpe kazi ya kumpotezea muda ili asisumbue. Mpe kazi ambayo asipoifanya nyumba nzima itajua, alafu kinachotoka kwenye hiyo kazi apate fungu lake. Ukishika haya mawili, mengine yote ni mbinu tu. Ukiyaacha, hata ukiwa na shamba la eka kumi bado huyo ndugu yako atakuwa mgeni kwenye shamba la wenzake.

Wazo lenyewe sio geni duniani. Karl König, daktari wa Austria aliyekimbia Wanazi, alianzisha na wenzake makazi yanayoitwa Camphill karibu na Aberdeen huko Uskoti mwaka 1940, wakaishi na watoto wenye ulemavu wa akili nyumba moja na meza moja, na baadae zikaja za watu wazima ambako watu wanakamua ng'ombe, wanalima bustani na kuoka mikate pamoja. Leo makazi ya namna hiyo yapo nchi nyingi, hata huku Afrika, Botswana pale Otse na Afrika Kusini pia. Ila wao walilazimika kutafuta ardhi na kukusanya watu wasiojuana. Sisi ardhi ipo, ndugu wapo, shangazi na majirani wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango tu, na mpango haununuliwi dukani.

Wiki ya kwanza usigawe kazi, muangalie tu

Tembea nae shambani ukifanya kazi zako na uangalie anavutwa na nini. Kuna mtu anapenda maji, ukimpa ndoo hataki kuiacha. Kuna anaependa wanyama, mwingine anapenda kupanga vitu vikae mstari mmoja, na huyo usimcheke maana ndo atakaekuja kukupangia mayai na viazi kwa saizi vizuri kuliko mtu yeyote. Angalia pia anachokikimbia. Watu wenye usonji wengi masikio na ngozi zao zinahisi kwa nguvu kuliko sisi, mlio wa mashine ya kukatia majani unaweza kuwa ni maumivu kabisa kwake, au matope kwenye vidole, au harufu ya banda la nguruwe. Ukimuona anaziba masikio au anaanza kujigonga usiseme ana kiburi, mtoe pale na uandike kwenye daftari ni kitu gani kilikuwepo.

Na kabla hujasema "huyu hasikii maneno" hakikisha anasikia kweli! Watu wenye Down sindromu wengi wana shida ya masikio na macho, na tezi ya shingo inayofanya kazi polepole inaweza kumfanya achoke na kuonekana mvivu wakati ni ugonjwa unaotibika. Moyo pia, wengi huzaliwa na tatizo la moyo. Mpeleke hospitali apimwe hivi vitu kabla ya kumuanzishia kazi ngumu. Ni gharama najua, ila ni bora kuliko kumgombeza mtu miaka kumi kwa kosa la masikio yake.

Mambo ya afya ambayo yanabadilisha shamba lenyewe

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaumia.

Shingo. Huku kwetu kila kitu kinabebwa kichwani, ndoo ya maji, mkungu wa ndizi, mzigo wa majani. Kwa mwenye Down sindromu acha kabisa hiyo kitu. Mishipa inayoshikilia mifupa ya juu ya shingo kwa wengine wao ni legevu, mifupa inaweza kusogea na kubana uti wa mgongo. Mnunulie toroli, au abebe ndoo ndogo mkononi, au majani yafungwe mzigo wa kuburuta. Na ukiona mtu aliyekuwa anatembea vizuri ameanza kujikwaa, mikono imekosa nguvu, shingo imepinda au ameanza kujikojolea wakati hakuwa hivyo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, sio kusubiri.

Kifafa. Watu wenye ulemavu wa akili wengi wanacho, hasa wenye mtindio wa ubongo. Mwenye kifafa anaweza kufanya kazi nyingi sana shambani, cha muhimu ni mahali na nani yupo karibu. Asiwe peke yake kwenye kisima, bwawa, mfereji au moto, asipande mti wala ngazi, asishike panga wala fyekeo. Jiko la kuchemshia pumba liwe na uzio, na kisima kiwe na mfuniko wenye kufuli, hii ni kwa kila shamba lenye mtu wa namna hii bila kujali ana kifafa au hana. Dawa zake ziwe za saa ileile kila siku na zisikatishwe ghafla hata kama amekaa miezi bila kuanguka, maana kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko yale ya mwanzo, kama mnataka kuacha au kubadilisha mtaongea na daktari.

Akianguka, wote shambani wajue cha kufanya, na vibarua pia: ondoa mawe na majembe karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mate yatoke, angalia saa. Usimkandamize, usimuwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji. Ikizidi dakika 5, au likija lingine kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Na kifafa HAKIAMBUKIZI kwa mate wala kwa kugusa povu, bado kuna watu wanakimbia wanamuacha mtu anaungulia kwenye moto kwa sababu ya imani hiyo, inauma sana.

Nikiwa hapohapo kwenye kifafa, kama mnafuga nguruwe wafungieni bandani na kila mtu atumie choo. Tegu la nguruwe likishaingia kwa binadamu, mayai yake yakiliwa kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za kifafa kwenye vijiji vinavyofuga nguruwe wa kuzurura.

Kwa mtindio wa ubongo shida kubwa ni mwili, wengi wao akili ni nzima kabisa na watu hawajui, wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Huyu mletee kazi pale alipo badala ya kumpeleka yeye kwenye kazi. Bustani ya gunia inafaa sana, unajaza kiroba udongo na samadi na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, unatoboa pembeni unapanda sukuma wiki na mchicha, yeye amekaa kwenye kiti anafikia pande zote. Au tuta la kuinua kwa mbao, kimo kiwe cha kutosha magoti yake yaingie chini akiwa amekaa. Mpini wa jembe dogo uuzungushie kitambaa na mpira wa tairi uwe mnene, mkono usiofunga vizuri utaushika.

Chagua kazi yenye majibu ya haraka

Mahindi nayaheshimu ila ni zao baya la kuanzia. Unapanda mwezi wa tatu unakuja kula mwezi wa nane, kwa mtu ambae kesho kwake ni mbali hiyo miezi haina maana, haoni uhusiano wa jasho lake na ugali. Mchicha ni wiki tatu mpaka nne unavuna, matembele yanachumwa yanachipua tena, hayo ndo ya kuanzia. Viriba vya miche navyo ni kazi nzuri mno, kujaza udongo kwenye viriba, kuvipanga, kumwagilia, na miche ya parachichi au migrevilea inauzika.

Ila mimi nikiulizwa nitasema kuku, tena wa kienyeji. Kazi yao ni fupi na inarudi ileile asubuhi na jioni, matokeo anayaona kwa macho, yai lipo au halipo, na kuku hana habari na namna mtu anavyoongea. Mdogo wangu akiingia bandani wanamzunguka wote, mimi nikiingia wanakimbia. Pia ukubwa wa kazi unaongezeka taratibu, unaanza na mitetea mitano, ikienda vizuri unaongeza, mtu anakua pamoja na mradi wake.

Usimpe kabisa, hata akikuomba: kupulizia dawa, kuchanganya dawa, mashine ya kukata majani, dume la ng'ombe, kuchimba shimo refu. Dawa zote za shamba na mbolea za dukani zikae stoo yenye kufuli, wala usizihifadhi kwenye chupa za soda au maji, maana kuna watu wenye ulemavu wa akili wanaoweka chochote mdomoni. Mabaki ya mbegu zilizopakwa dawa, zile nyekundu, nayo ni sumu, watu wanasahau.

Kufundisha: vunja kazi vipande vidogo mpaka uone ni ujinga, alafu vunja tena

Kwetu sisi "kaokote mayai" ni neno moja. Kwake ni kazi saba: chukua kikapu, fungua mlango wa banda, funga mlango nyuma yako, nenda kwenye viota, shika yai polepole, weka kwenye kikapu, rudi uweke kwenye trei. Ukimwambia yote kwa pamoja atakumbuka la mwisho tu, au la kwanza tu, utadhani amekataa.

Njia inayofanya kazi vizuri ni kuanza kufundisha kutokea mwisho. Wewe unafanya hatua zote yeye anaangalia, alafu ile ya mwisho ya kuweka yai kwenye trei anafanya yeye. Kazi inaishia mikononi mwake, anapata ile raha ya kumaliza. Akishaizoea hiyo unamuachia na inayotangulia, yeye anaweka yai kwenye kikapu, anarudi na kuliweka kwenye trei, na hivyo hivyo unarudi nyuma hatua moja moja mpaka siku anaenda mwenyewe kuanzia kwenye kikapu. Inachukua muda. Kuna hatua itakaa siku mbili na kuna hatua itakaa miezi, usihesabu.

Maneno yawe machache na yawe yaleyale kwa nyumba nzima. Mama akisema "lisha kuku", baba akisema "wape pumba" na dada akisema "nenda bandani ukaangalie wale", mnamchanganya bure. Kubalianeni. Alafu ukishasema, NYAMAZA. Hesabu moyoni mpaka kumi. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wanahitaji muda wa kuchakata maneno, na wewe ukirudia kabla hajamaliza unamuanzisha upya. Hii nadhani ndo siri ndogo iliyotusaidia zaidi kuliko zote, kunyamaza.

Ukisifia, sifia kitu chenyewe. Badala ya "mzuri wewe, mzuri", mwambie "maji umejaza mpaka juu, kuku wamekunywa". Anajua ni nini amefanya sawa na kesho atarudia. Na asisifiwe kama mtoto wa chekechea, mtu ana miaka thelathini, mpe mkono kama unavyompa mkulima mwenzio.

Hesabu na kusoma visiwe kizuizi, shamba lenyewe lihesabu kwa niaba yake. Trei ya mayai ina nafasi 30, ikijaa imejaa, hahitaji kuhesabu. Chakula cha kuku, kata kopo la plastiki kwa kipimo ambacho likijaa mara moja ndo mlo wa asubuhi, basi hakuna gramu. Umbali wa miche, mkatie kijiti cha urefu unaotaka na kamba ya mstari, anaweka kijiti anatoboa, anaweka kijiti anatoboa. Ndoo ya kumwagilia ipigwe rangi mstari wa mwisho wa maji ili isimlemee. Vifaa vyake vipakwe rangi moja, mfano bluu, na ukutani stoo mchore umbo la kila kifaa mahali kinaponing'inia, jioni akiona umbo halijafunikwa anajua kuna kitu kimebaki shambani.

Sasa tuje kwenye lile jembe lililonyang'anywa. Kupalilia ni kazi ngumu kuifundisha maana kijani na kijani vinafanana. Usianze na "toa magugu". Panda kwa mistari iliyonyooka, weka matandazo ya majani makavu kwenye mstari wa mmea, alafu yeye apewe katikati ya mistari tu, pale chochote kilichoota kinaondoka bila maswali. Ndani ya mstari atapitia mtu mwingine. Akishakuwa mzoefu mfundishe gugu moja kwa jina, moja tu, mfano mbwembwe (ile kishona nguo), alishike mkononi, alisikie, awe ndo mtaalamu wa mbwembwe hapo shambani, alafu baadae ndago. Wengine wataishia kwenye mbwembwe maisha yao yote na bado wamekuokolea kazi kubwa sana.

Ratiba iwe ya picha. Piga picha na simu yeye mwenyewe akifanya kila kazi, kachapishe stationari, zibandike ukutani kwa mpangilio wa siku, kuanzia kunawa uso hadi kufunga banda. Mwenye usonji atakushukuru sana kwa hili hata kama haongei. Na siku ratiba ikibadilika, msiba umetokea, mvua imekesha, mnaenda harusi, mwambie mapema na ubadilishe picha mbele yake. Masika hasa yanasumbua, wiki nzima hakuna bustani, kwahiyo weka akiba kazi za barazani: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kusuka kamba, kusafisha viriba.

Kazi za watu wawili pia ni muhimu, asiwe kila saa anajitenga na kuku wake. Chanjo ya mdondo (wengine wanaita kideri) ni mfano mzuri, ile ya tone la jicho inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu mdogo wangu ndo anakamata na kumshika kuku maana kwake wanatulia, mimi natia tone. Bila yeye tunafukuzana na kuku asubuhi nzima. Na hiyo chanjo msiikose, mdondo ukiingia unaweza kufuta banda zima ndani ya siku chache, na kwa mtu ambae kuku ndo kazi yake na ndo marafiki zake, huo ni msiba ambao ni vigumu kumuelezea.

Pesa

Wengi wanaruka hapa. "Si anakula hapa, analala hapa, pesa ya nini?" Na wewe si unakula hapo na kulala hapo? Mbona una pesa yako?

Panga fungu kabla kazi haijaanza. Kwetu mitetea kadhaa ni yake kwa jina, mayai yake yana trei yake, yakiuzwa hela inaingia kwenye kopo lake na inaandikwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote wa familia anaweza kufungua. Chakula cha hao kuku kinakatwa humo humo, ili aone kuwa mradi una matumizi. Siku ya soko tunaenda nae soko la Tengeru, anachagua mwenyewe anachotaka, hata kama ni soda mbili na kofia ambayo wewe unaona haina maana. Noti anazijua kwa rangi. Hela ndefu kidogo ikikusanyika, watu wawili wa familia wajue ilipo, sio mmoja, na kama ipo kwenye simu basi pini isiwe kwa mtu ambae hajawahi kuulizwa maswali.

Kama mnataka kupokea na vijana wa majirani wenye ulemavu, ambayo naiona ni jambo jema sana, hapo kuweni makini mara mbili. Kaeni na wazazi muandike: anakuja saa ngapi, anaondoka saa ngapi, anakula nini, analipwaje, akiugua nani anapigiwa simu, dawa zake ni zipi. Kama analipwa kwa kipande, bei ya kiriba kimoja iwe ileile anayolipwa kibarua mwingine. Kuchukua watu wenye ulemavu kwa sababu hawalalamiki na ni bei rahisi, hiyo ni kuwanyonya, hata ukiiita huduma. Na mtu ana haki ya kusema leo sitaki. Ukiona anakataa kila siku, kazi ndo sio yake, mbadilishie.

Ulinzi dhidi ya watu

Nasema wazi maana ukimya unaua. Wasichana na wavulana wenye ulemavu wa akili wananyanyaswa kingono zaidi ya wengine, na mara nyingi ni mtu anaejulikana nyumbani. Kibarua mpya asiachwe peke yake nae kwenye banda au migombani. Mfundishe majina ya kweli ya sehemu za mwili, mfundishe kusema hapana na umheshimu akikwambia wewe hapana, maana mtu aliyezoezwa kutii kila mtu atamtii na mbaya. Akibadilika ghafla, anaogopa mtu fulani, analia usiku, chukulia serious. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto, nenda huko na hospitali haraka kabla ya kumuogesha. Mambo ya kumalizana kwa mbuzi na mwenyekiti msikubali.

Kuhusu wateja na majirani, hii ni nyepesi zaidi. Mteja akija kwetu anamsalimia mama, "shikamoo mama, mayai yapo?" na mdogo wangu amesimama hapohapo na trei mkononi. Mama anajibu "marahaba mwanangu, muulize mwenye kuku." Basi. Mwanzo watu walikuwa wanashangaa, sasa wanamuita bosi wa mayai na wanasubiri mpaka amalize kufunga.

Msaada upo wapi

Afisa ugani wa kata, mwambieni wazi kwamba mkulima wa kuku hapa ni fulani, na akija aongee nae, sio nanyi tu. Ofisi ya ustawi wa jamii na ile ya maendeleo ya jamii halmashauri: kwenye mapato ya ndani ya kila halmashauri Tanzania inatengwa asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nendeni mkaulize mapema masharti ya kuomba na namna mzazi au ndugu anavyoweza kumsimamia mwenye ulemavu wa akili, maana mara nyingi hiyo asilimia 2 inachukuliwa na wenye ulemavu wa viungo wanaoweza kujieleza, sisi wengine tumekaa kimya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, haibagui aina ya ulemavu. Kwa mambo ya kufundisha, walimu waliosoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum kilichopo huku kwetu Arumeru, wapo kwenye shule nyingi zenye vitengo vya elimu maalum, muombe mmoja aje shambani Jumamosi moja akuangalie unavyofundisha. Ndugu zetu wa Kenya muanzie kujiandikisha kwenye baraza la taifa la watu wenye ulemavu, NCPWD, na muulizie Inua Jamii, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa.

Na anaemuangalia nae anachoka. Mara nyingi ni mama au dada mmoja, wengine wanapita tu wanasema "Mungu atakulipa". Gaweni zamu kwa maandishi, na angalau siku moja kwa wiki huyo mtu asiwe na zamu kabisa, kaka zake wa mjini waje au watume mtu kwa hela yao.

Ardhi, mkiwa bado hai wote

Swali linalomlaza macho kila mzazi ni hili, nikifa atabaki na nani. Shamba linaweza kuwa jibu, ila kama limeandikwa. Bila maandishi, baada ya arobaini shamba linauzwa, kila mtu anachukua chake, na mwenye kuku anahamishiwa chumba cha uani kwa mtu mjini, bila kuku, bila jogoo wa kumuamsha.

Kaeni kikao cha ukoo na yeye akiwepo. Amueni kipande gani na banda gani haviuzwi akiwa hai, nani ataishi nae, nani atashika daftari la hela, na msimamizi wa pili ni nani wa kwanza akishindwa. Kama ardhi ni ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba jina zaidi ya moja, jina lake liwemo. Mzazi aandike wosia mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo, na RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) wanapokea na kutunza wosia. Pamoja na wosia wekeni karatasi nyingine ya maisha yake ya kawaida: dawa na saa zake, hospitali anayotibiwa, anachokula na kinachomdhuru, anaogopa nini, maneno yake na maana yake maana wengine wana lugha inayoeleweka na mama tu, picha za ratiba, na kuku wangapi ni wake. Nakala moja ikae kwa msimamizi wa kwanza, moja kwa wa pili, moja kwa mtu nje ya ukoo kama mchungaji, shehe au mwalimu wake, na kila mwaka mkimaliza mavuno muifungue mrekebishe, kuanzia kwenye dozi za dawa maana ndo zinabadilika haraka.